Nani analipia muhuri wa kifaa tiba

Katika mwaka wa fedha wa 2025, kampuni iliyotaka kuuza kifaa tiba nchini Marekani ilikuwa na njia mbili kuu za kupata kibali. Ada ya njia ya kwanza ilikuwa dola 540,783. Ada ya njia ya pili ilikuwa dola 24,335. Na hiyo ada ndiyo tofauti ndogo kuliko zote. Anayepita njia ya kwanza hutakiwa kuleta majaribio yaliyofanywa kwa wagonjwa, ambayo hula miaka na mamilioni ya dola. Anayepita ya pili, mara nyingi hahitaji kukijaribu kifaa chake kwa mgonjwa hata mmoja.

Mwenye fedha zake atachagua ipi? Ubishi wote kuhusu udhibiti, ubunifu na gharama za matibabu umejikunja ndani ya swali hilo. Wenye viwanda wanasema masharti ya serikali ndiyo yanayofanya vifaa viwe ghali na uvumbuzi uende mwendo wa kinyonga. Watetezi wa wagonjwa wanasema masharti yamelegea mno, hadi watu wanawekewa mwilini vitu ambavyo havijapimwa sawasawa. Mimi naona wote wanasema kweli, ila kila mmoja ana kifaa chake akilini.

Tuanze na sheria yenyewe, kwa sababu kasoro nyingi za leo zilizaliwa nayo. Kabla ya mwaka 1976, dawa mpya Marekani ilihitaji kibali cha mamlaka ya chakula na dawa, FDA, lakini kifaa cha kuingizwa mwilini hakikuhitaji. Mwaka 1971 kampuni ya A.H. Robins ikaanza kuuza kitanzi cha uzazi kilichoitwa Dalkon Shield. Ubaya wake ulikuwa kwenye uzi. Vitanzi vingine vilikuwa na uzi mmoja mzima unaoning'inia chini ya mlango wa kizazi ili kitanzi kiweze kutolewa kwa urahisi. Wa Dalkon ulikuwa fungu la nyuzi nyembamba nyingi zilizovikwa ala ya plastiki, na ala hiyo ilikuwa wazi huku na huku. Nyuzi zikafyonza unyevu pamoja na vijidudu na kuvipandisha hadi ndani ya mji wa mimba. Wanawake wengi waliugua vibaya, wengine wakapoteza uwezo wa kuzaa, na kuna waliofariki. Mauzo yalisimamishwa mwaka 1974, na kufikia 1985 kesi zilikuwa nyingi kiasi kwamba kampuni iliomba kinga ya mufilisi.

Tarehe 28 Mei 1976, Rais Gerald Ford alisaini sheria iliyogawa vifaa tiba katika madaraja matatu kwa kuangalia hatari yake. Daraja la kwanza ni vitu kama bandeji na vijiti vya kubonyezea ulimi. La pili ni vitu kama mashine za shinikizo la damu na pampu za dripu. La tatu ni vile ambavyo vikiharibika mtu anaweza kufa, kwa mfano vali za moyo na betri za moyo. Hivi vya daraja la tatu ndivyo vilivyokusudiwa kupita ile njia ndefu yenye majaribio.

Sasa Bunge likakabiliwa na jambo moja gumu. Maelfu ya vifaa tayari vilikuwa sokoni. Kuviondoa vyote hadi vipimwe kungefunga hospitali. Kuviacha na kuwabana wanaokuja baadaye tu kungewapa wakongwe soko lote bure. Suluhisho lilikuwa kifungu cha 510(k), yaani ile njia ya pili, iliyo fupi: ukithibitisha kwamba kifaa chako kinalingana kwa kiasi kikubwa na kifaa kingine ambacho tayari kinauzwa kihalali, unaruhusiwa kuuza. Ilikuwa busara ya kuvuka daraja. Ikageuka kuwa barabara kuu, na mpaka leo maelfu ya vifaa hupita humo kila mwaka, huku vinavyopita njia ndefu kwa mara ya kwanza vikihesabika kwa makumi.

Neno la kutazama ni "kulingana". Kifaa cha leo hulinganishwa na cha juzi, ambacho nacho kililinganishwa na cha miaka kumi nyuma. Fundi akikata suruali kwa kupimia aliyoshona jana, na kesho akapimia ya leo, baada ya mwaka mmoja kiuno hakitamtosha mteja yeyote, ingawa kila suruali ilifanana kabisa na iliyoitangulia. Mbaya zaidi, kifungu hiki hakikuuliza kama kile kifaa cha kulinganishia kilifanya kazi vizuri. Kiliuliza tu kama kiliwahi kuuzwa kihalali.

Nyonga za chuma zilionyesha matokeo yake. Kiungo bandia cha nyonga kina sehemu mbili zinazosuguana: kichwa cha mviringo kinachochukua nafasi ya kichwa cha mfupa wa paja, na kikombe kinachopachikwa kwenye mfupa wa nyonga. Kwa miongo mingi kichwa kilikuwa cha chuma na kikombe kilikuwa na plastiki ngumu ndani. Plastiki husagika taratibu, kwa hiyo watengenezaji wakarudia wazo la zamani, chuma kwa chuma, wakitumaini kwamba kiungo kitadumu zaidi kwa wagonjwa wenye umri mdogo na pilikapilika nyingi. DePuy, kampuni tanzu ya Johnson & Johnson, ilitoa kiungo kilichoitwa ASR. Kikombe chake kilikuwa kifupi kuliko nusu ya mpira. Kikikaa upande kidogo tu wakati wa upasuaji, kichwa kilisugua ukingoni badala ya katikati, na vumbi la kobalti na kromiamu likaingia kwenye nyama na damu ya mgonjwa. Nyama zinazozunguka kiungo zikavimba na kuoza, mfupa ukalegea, na mtu aliyefanyiwa upasuaji ili atembee akarudi tena mezani.

ASR ilikuwa ya aina mbili zilizotumia kikombe kile kile. Ya kwanza, ya kuvika kichwa cha mfupa bila kukikata, ilihitaji njia ndefu na haikuwahi kupata kibali Marekani. Ya pili, ya kubadili nyonga nzima, ilipita kwa kifungu cha 510(k) mwaka 2005 bila majaribio kwa wagonjwa. Mwaka 2013 watafiti walifuatilia ukoo wake katika nyaraka za FDA, wakachapisha waliyoyaona katika jarida la New England Journal of Medicine. Walirudi nyuma zaidi ya miongo mitano, wakapita vifaa 95, na mwisho wa ukoo wakakuta nyonga za chuma ambazo madaktari walikwishaacha kuzitumia kwa sababu hazikufanya vizuri. Yaani babu wa ukoo alikuwa ameshindwa kazi zamani, na wajukuu wakaendelea kuingia kwa jina lake.

Aliyepiga kengele alikuwa daftari tu. Australia na Uingereza zina sajili za kitaifa ambamo kila kiungo kinachowekwa huandikwa, na kila kinachotolewa pia. Takwimu za Australia zilionyesha mapema kwamba ASR inarudi mezani kupita kawaida, na ikaondolewa huko mwishoni mwa 2009. Sajili ya Uingereza na Wales ilipoonyesha kwamba takriban wagonjwa 12 hadi 13 katika kila 100 walifanyiwa upasuaji wa marudio ndani ya miaka mitano, DePuy iliirejesha bidhaa hiyo kutoka sokoni kote duniani mwezi Agosti 2010. Kufikia hapo watu wapatao 93,000 walikwishawekewa. Marekani, soko kubwa kuliko yote, haikuwa na sajili ya kitaifa iliyoweza kuona jambo hilo kwa wakati.

Tupige hesabu ya gharama kwa namna watu wa bima wanavyoipiga. Kampuni iliokoa fedha za majaribio. Upasuaji wa kwanza ulilipwa, wa pili ukalipwa, vipimo vya damu vya miaka mingi vikalipwa. Mwaka 2013 Johnson & Johnson ilikubali kulipa takriban dola bilioni 2.5 kumaliza madai ya wagonjwa wapatao 8,000 wa Marekani. Nafuu iliyopatikana mlangoni ililipwa mara nyingi zaidi huko ndani, na sehemu kubwa ya walioilipa hawakushirikishwa wakati nafuu hiyo inaamuliwa.

Hapa kuna kichekesho cha kisheria ambacho watu wengi hawakifahamu. Mwaka 1996, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kifaa kilichopita kwa 510(k) hakina kinga dhidi ya mashtaka ya wagonjwa katika mahakama za majimbo, kwa sababu njia hiyo hupima ulinganifu na haipimi usalama. Mwaka 2008, katika kesi nyingine, mahakama hiyo hiyo ikaamua kwamba kifaa kilichopita njia ndefu kina kinga hiyo kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo anayelipia majaribio hununua pia ngao ya mahakamani, na wagonjwa wa ASR waliweza kudai fidia kwa sababu kifaa chao hakikupimwa sana. Ukitafuta mantiki humo utaipata, lakini haitakufurahisha.

Mwaka 2011 Taasisi ya Tiba ya Marekani, iliyoombwa ushauri na FDA yenyewe, ilisema kifungu cha 510(k) hakikuundwa ili kupima usalama wala ufanisi na ikapendekeza kibadilishwe kwa utaratibu mwingine. Hakijabadilishwa. Wenye viwanda walisema kukifuta kungeua ubunifu. Kwa maoni yangu hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Njia fupi huwasaidia sana wenye mitaji midogo. Lakini pia humzoesha mhandisi kubuni kitu kisichotofautiana mno na kilichopo, kwa sababu kikitofautiana sana kitatupwa kwenye njia ndefu. Matokeo yake ni msururu wa marekebisho madogo: toleo jipya la skrubu, mpini mpya, rangi mpya ya skrini, na bei mpya. Toleo la zamani, lililokuwa likifanya kazi vizuri na kwa bei nafuu, huondolewa sokoni kimyakimya.

Ningeishia hapo, msomaji angeondoka akiamini dawa ni kukaza masharti. Tuangalie shimesikio, kifaa kinachovaliwa sikioni ili kumsaidia asiyesikia vizuri.

Mtu mzima wa Marekani aliyeanza kutosikia vizuri kwa uzee alipaswa, kwa miongo kadhaa, kununua shimesikio kupitia mtaalamu mwenye leseni. Jozi moja mara nyingi ilizidi dola 4,000, na Medicare, bima ya wazee, hailipii. Ndani ya kifaa chenyewe kuna maikrofoni, kipaza sauti na chipu, teknolojia ambayo bei yake imekuwa ikishuka katika simu na redio kila mwaka. Katika shimesikio haikushuka. Kampuni chache zilitawala soko, na bei ya kifaa ilifungwa pamoja na huduma za mtaalamu, hata kwa mtu asiyezihitaji. Sharti lilikuwa limewekwa kumlinda mgonjwa. Aliyelindwa zaidi alikuwa muuzaji, na mamilioni ya wazee wakakaa bila kusikia wajukuu wao.

Maseneta wawili ambao hawakubaliani katika mambo mengi, Elizabeth Warren wa Democratic na Chuck Grassley wa Republican, walisukuma sheria iliyopitishwa mwaka 2017. FDA ilichukua miaka mitano kukamilisha kanuni zake, na tarehe 17 Oktoba 2022 shimesikio kwa watu wazima wenye tatizo dogo hadi la wastani zikaanza kuuzwa dukani bila cheti cha daktari. Zikatokea za chini ya dola 1,000 kwa jozi, nyingine za mamia machache tu. Septemba 2024 FDA iliruhusu programu inayogeuza vipokea sauti vya Apple, AirPods Pro vya dola 249, kuwa shimesikio. Kampuni ya simu ikaingia kwenye soko ambalo miaka kumi kabla lilikuwa la wachache wenye leseni.

FDA ni ile ile, na somo linaonekana kinyume. Nyonga ikiharibika, fundi wake ni daktari wa upasuaji na uharibifu haurudishwi nyuma. Shimesikio ikiwa mbaya, unaivua na kuidai pesa yako. Kuweka vifaa hivyo viwili kwenye mizani moja ya "udhibiti mwingi" au "udhibiti mdogo" ni kupoteza muda. Ninachokiona mimi ni kwamba mdhibiti hugusa bei hasa kwa kuamua wangapi wataingia sokoni na watajua nini kuhusu bidhaa za wenzao. Ada na makaratasi huja nyuma sana.

Bei zenyewe, kwa kweli, ni siri. Mikataba mingi kati ya hospitali za Marekani na watengenezaji wa vifaa vya kupandikizwa hukataza hospitali kutaja bei iliyolipa. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge, GAO, ilibaini mwaka 2012 kwamba hospitali zilitofautiana kwa maelfu ya dola katika kununua kifaa cha moyo cha aina ile ile. Daktari anayekichagua hajui bei, mgonjwa hajui, na bima hulipa jumla ya upasuaji. Kodi ya asilimia 2.3 iliyowekwa juu ya vifaa tiba mwaka 2013, ikasimamishwa 2016 na kufutwa mwishoni mwa 2019, ilizua kelele nyingi kuliko siri hiyo, ingawa tofauti iliyofichwa humo ni kubwa zaidi.

Ulaya walipita njia yao. Huko mkaguzi ni kampuni binafsi iliyoteuliwa na serikali na kulipwa na mtengenezaji. Mfumo ulionekana mwepesi na wa kirafiki kwa wabunifu hadi mwaka 2010, ilipobainika kwamba kiwanda cha Ufaransa, PIP, kilikuwa kikijaza matiti bandia kwa silikoni ya viwandani wakati kina cheti halali. Mwasisi wake alihukumiwa kifungo cha miaka minne mwaka 2013. Umoja wa Ulaya ukaandika kanuni kali mwaka 2017, zikaanza kutumika Mei 2021, kisha mwaka 2023 muda wa mpito ukasogezwa hadi 2027 na 2028 kwa sababu wakaguzi hawakutosha na watengenezaji walianza kutishia kuondoa vifaa sokoni, vikiwemo vya watoto, ambavyo soko lake ni dogo.

Yote haya yanatuhusu Afrika Mashariki kwa sababu sehemu kubwa ya vifaa vyetu huja na mihuri hiyo. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ya Tanzania, TMDA, iliyopata jina hilo mwaka 2019, hugawa vifaa katika madaraja A hadi D, na kifaa kilichokubaliwa tayari na mamlaka kubwa za nje hupitiwa kwa ufupi zaidi. Ni uamuzi wa busara. Nchi yenye wataalamu wachache haina haja ya kurudia kazi iliyokwishafanyika, na kila mwezi unaookolewa ni mwezi ambao mshindani mwingine amepata nafasi kwenye zabuni. Tatizo ni kwamba muhuri wa nje hautwambii umepatikana kwa njia gani. ASR ilikuwa na kibali cha FDA na alama ya Ulaya, vyote viwili. Afisa anayesoma faili Dar es Salaam au Nairobi angefanya vema kuuliza kama kifaa kilipita kwa majaribio au kwa ulinganifu, na kililinganishwa na nini.

Mtengenezaji wa hapa naye hukutana na muhuri kwa upande wa pili. Kiwanda cha Revital kule Kilifi, pwani ya Kenya, hutengeneza sindano za chanjo zinazojifunga zikishatumika mara moja. Wanunuzi wakubwa wa sindano hizo ni mashirika ya kimataifa, na bila ithibati ya Shirika la Afya Duniani hakuna anayekusikiliza, hata kama bandari ya Mombasa iko jirani. Kiwanda kiliipata ithibati hiyo. Lakini gharama ya kuitafuta ni ile ile kwa kiwanda kikubwa cha India kinachouza sindano nyingi mno na kwa kiwanda kinachoanza, na hapo ndipo masharti mazuri kabisa yanaweza kumfungia nje mtu ambaye angeshusha bei.

Mfano wa mwisho ni mashine iliyosambaa katika hospitali zetu, GeneXpert, ya kupima kifua kikuu. Mhudumu wa maabara huchanganya makohozi na kimiminika maalumu, hutikisa, husubiri dakika 15, humimina kwenye katriji ya plastiki na kuiingiza mashineni. Ndani ya saa mbili majibu yanatoka, pamoja na taarifa kama vimelea ni sugu kwa rifampisini, moja ya dawa kuu za kifua kikuu. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Desemba 2010, na Kampala ilikuwa miongoni mwa miji ambako ilijaribiwa katika mazingira ya kawaida ya kliniki. FDA iliiruhusu Marekani Julai 2013. Safari hii Afrika ilitangulia na haikumsubiri mkubwa.

Bei lakini ilisimama. Katriji iliuzwa dola 16.86, ikashushwa hadi 9.98 mwaka 2012 baada ya serikali ya Marekani, shirika la kimataifa la afya Unitaid na wakfu wa Gates kumlipa mtengenezaji, Cepheid, dola milioni 11.1. Kampuni ya Danaher iliinunua Cepheid mwaka 2016. Bei ikabaki 9.98 kwa zaidi ya miaka kumi. Madaktari Wasio na Mipaka walifanyia hesabu gharama za kuitengeneza, wakasema inaweza kuuzwa dola 5 na faida ikabaki. Mashine haikubali katriji ya mwingine, kwa hiyo aliyeipokea, hata kwa msaada, amefungwa kwa muuzaji mmoja. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kipimo cha pili cha namna hiyo, Truenat cha kampuni ya Molbio ya India. Septemba 2023, baada ya shinikizo la miaka, Danaher ilishusha katriji hadi dola 7.97.

Nchi inayonunua katriji milioni moja ilikuwa ikilipa dola milioni 9.98. Baada ya punguzo la 2023 ikawa inalipa milioni 7.97. Kwa bei wanayoitaka wanaharakati ingelipa milioni 5. Hakuna sharti la usalama lililolegezwa ili kutoka bei ya kwanza kwenda ya pili, na hakuna linalohitaji kulegezwa ili kufika ya tatu.